KUSHUSHA GARI BILA KUUMIZA WALIOPANDA

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi waliopata kutumikia West Nile wanaijua vyema barabara itokayo Arua kwenda Koboko. Ni safari ya kilomita 55 hivi. Sehemu hiyo imo katika njia ndefu ya kilomita 92 ianziayo Vurra, penye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko, ikaishia Oraba, penye mpaka wa Sudan Kusini. Njia hiyo ilitiwa lami katika miaka ya 2010 kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Kabla ya hapo ilikuwa njia ya murram: vumbi wakati wa kiangazi, matope wakati wa mvua, na mashimo mwaka mzima.

Barabara imebadilika, lakini si kila gari limebadilika pamoja nayo. Ni desturi ya mafundi wengi wa Afrika Mashariki, wapewapo gari la kazi ngumu, kuongeza vipande vya springi ili gari lisimame juu na lisilale chini ya mzigo. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake siku za mashimo. Leo gari lile lile lililoinuliwa hukimbia juu ya lami kwa mwendo ambao zamani lisingeweza kuufikia, huku likiwa refu, gumu, na limebeba watu nyuma. Ndipo madereva wanapouliza: Je, gari laweza kushushwa chini na safari ikabaki laini? Jibu letu ni kwamba laweza, iwapo mwenye kushusha anajua anapunguza nini. Akikosea, atakuwa amebadilisha hatari moja kwa nyingine.

SPRINGI HUDAI NAFASI

Kwanza yafaa tuelewane juu ya kazi ya springi. Lori na pikapu nyingi hubebwa nyuma na vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati. Hata gari mashuhuri kama Toyota Land Cruiser ya kazi ngumu, ambayo springi zake za mbele zilibadilishwa kuwa za koili mwaka 1999, iliachiwa springi za vipande nyuma, kwa kuwa hizo huvumilia mzigo na hutengenezeka kwa urahisi.

Springi inapobebeshwa mzigo hushuka kidogo. Kiasi kile cha kushuka ndicho kinachoamua ulaini wa safari. Ikishuka sentimita 25, gari hucheza juu na chini mara 1 kwa sekunde, na abiria husinzia. Ikishuka sentimita 6 hivi, gari hucheza mara 2. Ikishuka sentimita 1 na nusu tu, hucheza mara 4. Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mwili wa mtu aliyeketi husumbuliwa zaidi na mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Tumbo na mgongo huitikia kila pigo. Askari aliyepigwa hivyo kwa muda wa saa moja hashuki garini akiwa tayari kwa kazi. Hushuka akitafuta mahali pa kunyosha kiuno.

Sasa tazama kinachotokea fundi anapoongeza vipande. Kila kipande kipya huongeza ugumu. Tena unene una hesabu kali kuliko wengi wanavyodhani: kipande chenye unene maradufu, kwa upana na urefu ule ule, huwa kigumu si mara 2 bali mara 8. Gari likiwa tupu springi haishuki hata kidogo. Limesimama juu kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole.

Jambo la pili ni nafasi. Gurudumu huhitaji nafasi mbili: ya kupanda linapokutana na jiwe, na ya kuteremka linapokutana na shimo. Gari lililoinuliwa kupita kiasi lina nafasi kubwa ya kupanda ambayo haitumiki, kwa kuwa springi ni ngumu. Na karibu halina nafasi ya kuteremka. Gari lililoshushwa vibaya lina kasoro ya kinyume chake: ekseli iko karibu mno na chasisi, na kila tuta huigonga. Yule wa kwanza hurusha watu juu, na yule wa pili huwapigisha chini. Gari jema ni lile lenye nafasi zote mbili.

Kwa hiyo fumbo letu linafumbuka. Gari lililoongezewa vyuma, likirudishwa kwenye kimo chake cha kiwandani, hushuka na kulainika kwa wakati mmoja, kwa maana linarudishiwa nafasi lililonyang'anywa. Lakini gari lililo tayari kwenye kimo cha kiwandani likisukumwa chini zaidi, kila sentimita italipiwa. Ama springi ifanywe ngumu ili ekseli isigonge, ama ekseli iachwe igonge.

NJIA ZISIZOFAA

Ziko njia tatu ambazo dereva mwenye haraka hushawishika kuzifuata. Twaziita njia za mkato, na njia za mkato zina miiba.

Ya kwanza ni kukata springi ya koili. Mtu huona kwamba springi ikiwa fupi gari litashuka, na kweli litashuka. Asiloliona ni kwamba springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi. Koili yenye mizunguko 8 ya kufanya kazi, ikikatwa mizunguko 2, ugumu wake huongezeka kwa theluthi moja. Zaidi ya hayo, ncha iliyokatwa haikai tena sawasawa katika kiti chake, na gurudumu likining'inia springi yaweza kuchomoka.

Ya pili ni kuichoma springi moto hadi iinamishe kichwa. Chuma cha springi si chuma cha jembe. Kiwandani kilipashwa moto, kikazimwa ghafla, kikapashwa tena kwa kiasi, ndipo kikapata tabia ya kupinda na kurudi. Moto usiopimwa huiondoa tabia hiyo. Leo springi italala kama ulivyotaka. Kesho italala zaidi. Siku nyingine itakatika, na huenda ikawa mahali ambapo hapana fundi wala mtandao wa simu.

Ya tatu ni kuondoa mpira wa kizuizi ulio baina ya ekseli na chasisi, kwa madai kwamba unaizuia springi kushuka. Mpira ule ndio mlinzi wa mwisho. Ukiondolewa, chuma hukutana na chuma, na chasisi huanza kupata nyufa ambazo mwanzoni hazionekani.

NJIA ZINAZOFAA

Kazi njema huanza kwa kupima. Liegeshe gari mahali tambarare, likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wake wa kawaida wa kazi. Kila mara pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, na uandike. Pima vilevile nafasi iliyoko kati ya ekseli na mpira wa kizuizi. Pasipo tarakimu hizo, fundi anabahatisha.

Hatua ya pili ni kuhesabu vipande vya springi na kuvilinganisha na kitabu cha gari. Vilivyozidi viondolewe, upande wa kulia na wa kushoto kwa idadi moja. Chasisi na ishikwe na viegemeo imara, si jeki peke yake. Walio chini ya gari lililoegemea jeki wanakopa maisha yao. Vipande vinavyobaki visafishwe kutu na kupangwa kwa taratibu yake. Kutu baina ya vipande hufanya springi isikubali kushuka mpaka ipigwe kwa nguvu, ndiyo maana mara nyingine gari hulainika kwa usafi tu. Bolti za kubana springi zilizonyooka au kuliwa na kutu zisirudishwe. Zitiwe mpya, zikazwe kwa zamu, na zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.

Kama gari bado liko juu baada ya kuondoa vya ziada, fundi mwenye mashine ya kukandamiza aweza kupunguza upinde wa springi ikiwa baridi, bila moto. Upinde hupungua na ugumu hubaki ule ule. Katika baadhi ya pikapu za zamani, magurudumu ya mbele hubebwa na fimbo ya chuma inayosokotwa badala ya koili. Fimbo hiyo ina bolti ya kurekebishia. Bolti ikilegezwa, mbele hushuka na ugumu wa fimbo haubadiliki. Hata hivyo nafasi ya kupanda hupungua, basi mtu asilegeze mpaka ekseli ikakaribia mpira.

Shokapu nazo zina neno. Kazi yake si kubeba gari bali kuizuia springi isicheze bila kikomo. Gari likishushwa na kuachiwa shokapu ndefu kuliko inavyotakiwa, shokapu hufika mwisho wake kabla ya mpira wa kizuizi, ikapasuka. Likiachiwa shokapu zilizochoka, springi laini itageuka bembea. Mwenye kushusha gari na atie shokapu za urefu unaolingana na kimo kipya.

Magari makubwa ya njia ndefu yana njia nyingine, nayo ni mifuko ya hewa badala ya vyuma. Mafundi wa Citroën huko Ufaransa walionyesha tangu mwaka 1955, kwa gari lao la DS lililotumia gesi na mafuta, kwamba gari laweza kukaa kwenye kimo kimoja liwe tupu au limejaa, na bado likapita laini. Mifuko ya hewa ya malori na mabasi hufuata wazo la namna hiyo: mzigo ukizidi, hewa huongezwa, ukipungua, hutolewa. Ni mtambo mzuri, lakini mifuko na mabomba yake hayapendi mawe makali, na mtambo huo hutaka karakana yenye vifaa. Kwa gari linaloacha lami kila siku kuingia njia za vijijini, springi ya chuma ingali rafiki wa kweli.

MAMBO YANAYOSAHAULIWA

Yako mambo manne ambayo husahauliwa gari linapobadilishwa kimo.

La kwanza ni breki. Pikapu nyingi zina valvu ndogo juu ya ekseli ya nyuma, yenye mkono unaosoma umbali kati ya ekseli na bodi. Bodi ikiwa chini, valvu huelewa kwamba gari limebeba mzigo, ikaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Sasa ukishusha nyuma pasipo kuirekebisha, valvu itadanganyika. Gari tupu, juu ya lami iliyolowa, magurudumu ya nyuma yatakwama kabla ya ya mbele, na gari litageuka ubavu. Kinyume chake pia ni kweli: gari lililoinuliwa nyuma huidanganya valvu kwamba halina mzigo, na breki za nyuma hufanya kazi nusu wakati watu wamejaa.

La pili ni taa. Nyuma ikishuka kuliko mbele, taa huangaza machoni mwa wanaokuja. La tatu ni uelekeo wa magurudumu ya mbele, ambao sharti upimwe upya, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. La nne ni pembe ya propela, ambayo ikipotoka huleta mtetemo ambao dereva huudhania kuwa kasoro ya springi.

Jaribio la mwisho halina gharama. Bandika kipande cha udongo laini wa mfinyanzi juu ya mpira wa kizuizi, kila upande. Panda gari na mzigo wako wa kawaida, upite njia mbaya kuliko zote za kazi yako, kwa mwendo wako wa kila siku. Ukirudi, tazama udongo. Ukiwa mzima, una nafasi ya kutosha. Ukiwa umeguswa kidogo, umefika mpaka. Ukiwa umebandikwa kama chapati, gari limeshuka kupita kiasi au mzigo umezidi. Twasisitiza njia mbaya kuliko zote: kimo cha gari hupimwa kwa njia yake mbovu kabisa, hata kama ni kilomita 3 tu za kuingia kijijini baada ya kilomita 55 za lami.

WALIOKETI NYUMA

Sasa tufikie jambo lililo zito kuliko springi. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva ameketi juu ya kiti chenye godoro, kati ya ekseli mbili. Wenzake wako nyuma, juu ya ekseli yenyewe au nyuma yake, ambapo kila pigo ni kubwa zaidi. Dereva husema safari ilikuwa njema. Mgongo wa koplo aliyekaa nyuma una maelezo mengine.

Wengi hutaka kushusha gari ili lisipinduke. Nia hiyo ni njema, lakini tuipime kwa hesabu. Tuchukue mfano wa pikapu yenye kilo 2,000, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 75 kutoka ardhini. Nyuma tupakie askari 8, kila mmoja na vifaa vyake awe kilo 90, jumla kilo 720. Wakisimama juu ya sakafu iliyo sentimita 85 kutoka ardhini, kitovu cha uzito wa miili yao kitakuwa kama sentimita 185. Uzito wote ukichanganywa, kitovu cha gari na watu hupanda hadi sentimita 104. Wakiketi juu ya benchi fupi, kitovu cha miili yao hushuka hadi kama sentimita 150, na cha jumla huwa sentimita 95.

Tofauti ni sentimita 9. Fundi akilishusha gari zima kwa sentimita 5, kazi ya kutwa nzima, amepata sentimita 5 tu. Amri ya neno moja, yaani "Ketini," imepata karibu mara 2 ya hiyo bila kugusa spana, na haikumega nafasi hata moja ya springi. Basi anayeogopa kupinduka aanze na benchi, aanze na kupunguza idadi ya waliopanda, aanze na mwendo penye kona. Springi zije baadaye.

NENO KWA ASKARI WA BARABARANI

Wenzetu wanaosimamisha malori kati ya Arua na mpaka wana sababu ya kuzijua habari hizi. Springi zilizoongezwa haziongezi haki ya kubeba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya kudhibiti uzito wa magari iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na shehena yake. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi 4 ilipangiwa tani 10, mbili zilizo pamoja tani 18, na tatu zilizo pamoja tani 24. Lori lililosimama wima kwa sababu limetiwa vyuma laweza kuwa limezidisha kuliko lile lililolala. Kimo si mizani.

Tena jicho lililozoea litaona haraka: lori lililoinama upande mmoja likiwa mahali tambarare, vigogo vya mbao vilivyochomekwa kati ya springi na ekseli, bolti zilizochomelewa badala ya kukazwa, mpira wa kizuizi usiokuwapo. Mambo hayo hutangulia ajali kama wingu linavyotangulia mvua.

HITIMISHO

Gari la serikali si mali ya dereva, wala la fundi. Lisipandishwe wala lisishushwe ila kwa idhini ya mkuu anayehusika na magari na kwa mikono ya karakana inayoweka kumbukumbu. Anayelipokea zamu ya kesho ana haki ya kujua breki zake zitashika vipi. Kwa hiyo kila badiliko na liandikwe katika kitabu cha gari: vipande vingapi viliondolewa, kimo kilikuwa nini na kimekuwa nini, valvu ilirekebishwa lini.

Kwa ufupi, ondoa kilichoongezwa kabla ya kukata kilichopo. Linda nafasi ya springi juu na chini. Rekebisha breki na taa siku ile ile. Kisha uwaketishe watu. Na dereva yeyote anayetaka kujua kama kazi imefanyika sawasawa, na ampe mwenzake usukani kutoka Arua hadi Koboko, yeye mwenyewe akae nyuma.